Taa Iliyogoma Kuwaka: Mapenzi na Usaliti katika Nyimbo za Tango

Mwanamume anarudi chumbani kwake akiwa na biskuti mkononi. Amezinunua kwa mazoea, kwa kuwa zamani alikuwa akizila pamoja na mwanamke wake huku wakinywa mate, yale majani machungu ya Amerika Kusini yanayomwagiwa maji moto ndani ya kibuyu kidogo na kunywewa kwa mrija wa chuma. Mwanamke huyo ameondoka. Vile vichupa vyake vizuri, vilivyofungwa vitepe vya rangi moja, havipo tena. Kioo kimefunga ukungu kana kwamba nacho kimelia. Gitaa limebaki limetundikwa ndani ya kabati la nguo wala hakuna anayeligusa. Na taa ya chumba, ambayo nayo imeliona pengo, imegoma kuuangazia usiku wa mwenye chumba. Akienda kulala hafungi mlango, maana mlango ukiwa wazi anaweza kujipa moyo kwamba mwenzake atarudi.

Hivyo ndivyo unavyokwenda wimbo “Mi noche triste”, yaani usiku wangu wa huzuni, ambao mwimbaji Carlos Gardel aliurekodi mwaka 1917 na ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa tango, muziki wa kuimbwa na kuchezwa wa Argentina na Uruguay, yenye maneno ya kusimulia kisa. Maneno ni ya Pascual Contursi. Muziki ulikuwepo kabla yake: ulikuwa utunzi wa Samuel Castriota uitwao “Lita”, usio na maneno, na Contursi aliupachika mashairi yake bila kumwomba mwenye muziki ruhusa.

Watu wengi wanaoifahamu tango kwa juu juu huamini kwamba nyimbo zake zinasema jambo moja tu, kwamba mwanamke alimsaliti mwanamume na mwanamume analia. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wenyewe ni mdogo. Ukizisoma nyimbo hizo kwa utulivu, ukiyatazama maneno yaliyochaguliwa na kuuliza ni nani anayesema na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema, utagundua kwamba neno usaliti limebebeshwa mizigo mingi isiyolingana: kuachwa, kupanda daraja, kuuzwa, kuzeeka, na hata kule kuharibikiwa na moyo kiasi cha kushindwa kumpenda mtu asiye na hatia. Naona kwamba kesi nyingi zinazosikilizwa ndani ya tango ni kesi za umaskini, ila aliyeitwa kizimbani ni mwanamke kwa sababu yeye alikuwa karibu.

Inafaa kuanza na mji wenyewe. Mwaka 1869 Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, ilikuwa na watu wasiofika 200,000. Sensa ya mwaka 1914 ilihesabu zaidi ya 1,500,000, na karibu nusu yao walikuwa wamezaliwa nje ya nchi, hasa Italia na Hispania. Wengi wa waliofika walikuwa wanaume vijana waliokuja kutafuta kazi bandarini, machinjioni, viwandani na kwenye ujenzi wa reli. Waliishi katika nyumba za kupanga zilizoitwa conventillo, ambamo vyumba vingi vilizunguka ua mmoja, na bomba la maji, choo na mahali pa kufulia vilikuwa vya wote. Katika maisha ya namna hiyo, kuishi na mwanamke chumbani hakukuwa jambo la kawaida la kila mtu; kulikuwa bahati. Kwa hiyo mwanamke alipoondoka, hakuondoka peke yake. Aliondoka na chumba, yaani na kila kilichokifanya chumba kiwe nyumbani, na ndiyo maana Contursi hakuuelezea uso wa mwanamke huyo wala macho yake, bali alivielezea vichupa, kioo, gitaa na taa.

Kabla ya hapo tango haikuwa ya kulia. Maneno ya mwanzoni mwa karne ya 20, kama yale ya mtunzi Ángel Villoldo, yalikuwa ya majigambo na mizaha: kijana wa mjini anajisifu kwa mavazi yake, kwa uchezaji wake na kwa jinsi wanawake wanavyomhusudu, na mengine yalikuwa ya matusi ya wazi yaliyoimbwa madanguroni. Hata neno milonga, ambalo ni jina la muziki ulioitangulia tango na pia la mahali inapochezwa, halikuwa na huzuni ndani yake. Maelezo yanayokubalika kwa mapana hulirudisha kwenye lugha ya Kimbundu ya Angola, walikotoka wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani upande wa Río de la Plata, mto ulio kati ya Argentina na Uruguay: mulonga ni neno, milonga ni maneno. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuusikia undugu huo, kwani sisi nasi tunalo kulonga kwa maana ya kuzungumza. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba chini kabisa ya muziki huu unaohesabiwa kuwa wa Ulaya iliyohamia Amerika, kuna watu waliokuwa wakilonga kwa lugha ndugu na yetu.

Contursi aliyageuza majigambo hayo. Yule yule kijana wa mtaani aliyekuwa akijisifu sasa ameshindwa, na anakiri kushindwa kwake mbele ya watu, kwa lugha ile ile ya mtaani. Lugha hiyo inaitwa lunfardo. Ilikua midomoni mwa wahamiaji na wazawa wa Buenos Aires na wa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ikachota kwenye lahaja za Italia, kwenye Kireno na Kifaransa, kwenye maneno ya Waafrika na hata kwenye misimu ya wezi. Mstari wa kwanza wa “Mi noche triste” una kitenzi amurar, ambacho hukielewi kwa Kihispania cha shuleni. Kwa lunfardo maana yake ni kumtelekeza mtu, na asili yake huhusishwa na Kigenoa, lugha ya mabaharia, ambako kitenzi kinachofanana nacho husemwa juu ya chombo kilichopanda mwamba au fungu la mchanga kikakwama. Kwa Kiswahili cha mitaani tungesema mwanamume huyo ameachwa kwenye mataa, au amepigwa kibuti. Lakini ile picha ya jahazi lililokwama, maji yamekupwa na bandari inaonekana kwa mbali, ndiyo hasa hali ya mtu anayelala na mlango wazi.

Mwanamke aliyeondoka alikwenda wapi? Nyimbo zinajibu kwa pamoja, na jibu lao ni la kijiografia kabla ya kuwa la kimaadili: alikwenda katikati ya mji. Alitoka barrio, yaani mtaa wa pembezoni, akaenda kwenye kabare zenye taa na shampeni. Katika wimbo “Milonguita” wa mwaka 1920, uliotungwa na Samuel Linnig kwa muziki wa Enrique Delfino, binti huyo ana jina, Estercita, na ana mtaa, Chiclana, ambako alikuwa mrembo kupita wote, mwenye sketi fupi na nywele zilizosukwa ambazo jua lilizibusu. Sasa anaitwa Milonguita, ua la usiku na la starehe. Mtunzi anasema waziwazi kwamba wanaume ndio waliomtenda vibaya, na kwamba leo angeitoa roho yake yote ili avae tena percal. Percal ni kitambaa cha pamba cha bei nafuu, kitambaa cha mabinti wa maskini, na katika mashairi ya tango kimekuwa alama ya usafi wa moyo, kinyume cha hariri, ambayo ni alama ya kuuzwa. Hapa aliyesalitiwa ni binti, wala hakuna mpenzi anayelalamika. Anayesimulia anamkumbusha tu alivyokuwa.

Lakini wimbo ninaouona kuwa mgumu na wenye thamani kuliko wote katika kundi hili ni “Mano a mano” wa mwaka 1923, wenye maneno ya Celedonio Flores na muziki wa Gardel na José Razzano. Mwanamume anamwandikia mwanamke aliyemwacha na ambaye sasa anatunzwa na tajiri. Anaanza kwa kumsifu: ulikuwa mwema kwangu, ulikuwa mwaminifu, ulinipasha joto kiotani mwangu, na najua ulinipenda kuliko ulivyompenda mtu yeyote. Kisha anakumbuka siku ambazo mwanamke huyo alikuwa akiupiga chenga umaskini katika nyumba ya kupanga. Kitenzi alichotumia Flores, gambetear, ndicho hicho hicho kinachotumika nchini Argentina kwa mchezaji anayewapita mabeki, kwa hiyo sijaongeza chumvi. Umaskini ni beki, na mwanamke ni mchezaji mwepesi anayemzunguka. Ni nani angemlaumu kwa kumpita?

Halafu yanakuja mahesabu. Kichwa cha wimbo, mano a mano, ni lugha ya mchezo na ya malipo: hakuna anayemdai mwenzake, ngoma droo. Sina cha kukushukuru, anasema mwanamume, hisani ulizonifanyia nadhani nimezilipa, na kama kuna kideni kidogo nilichokisahau bila kukusudia, kiandike kwenye hesabu ya yule bwege uliye naye. Mtu asikie jinsi maumivu yanavyojificha nyuma ya daftari la madeni. Mwanamume huyu hana fedha za kumrudisha mwanamke, hana nguvu ya kushindana na tajiri, kilichobaki mikononi mwake ni heshima ya kutodaiwa, naye anaishika kama mtu anavyoishika risiti. Anamtakia utajiri mrefu na tajiri mwenye fedha zisizokwisha. Na anaposema kwamba ushindi wa mwanamke huyo ni ushindi wa kupita, hatujui kama ni laana au ni huruma. Katika ubeti wa mwisho anajibu mwenyewe. Kesho, utakapokuwa samani kuukuu iliyolegea gundi, usipokuwa tena na tumaini moyoni, ukihitaji msaada au ushauri, mkumbuke rafiki huyu, ambaye atajitosa roho yake kukusaidia kwa lolote atakaloweza.

Ubeti huo una ukatili, maana kumwita mtu samani kuukuu si maneno ya mapenzi. Hata hivyo una ahadi ambayo sijaiona kwenye nyimbo nyingi za mapenzi zenye adabu zaidi: nitakuwepo utakapokuwa hutakiwi na mtu. Mambo hayo mawili yamo katika sentensi moja, na anayetaka kuielewa tango lazima akubali kuyasikia yote mawili bila kuchagua lile linalompendeza.

Mtunzi Enrique Santos Discépolo aliichukua hiyo samani kuukuu akaiweka mbele ya macho yetu. Katika “Esta noche me emborracho” ya mwaka 1928, msimulizi anamwona alfajiri mwanamke akitoka kwenye kabare peke yake, amechakaa, amejipamba kama kijana na hakuna kinachomkaa. Ndiye yule ambaye miaka kumi iliyopita alimtia wazimu kwa uzuri wake hata akamnyang’anya mama yake mzazi mkate, akawapoteza marafiki, akapoteza heshima. Wimbo unasikika kama kisasi, lakini ukiufuata hadi mwisho unakuta kwamba anayevunjika ni msimulizi. Anatambua kwamba kitu alichokiabudu kilikuwa cha kupita, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsaliti mama yake, si mwanamke aliyefanya hivyo. Ndiyo maana usiku huo anataka kulewa chakari, ili asifikiri. Mwaka huo huo Discépolo alitunga pia “Chorra”, wimbo wa kuchekesha ambamo mfanyabiashara wa sokoni analalamika kwamba mwanamke na familia yake wamemchuna buzi kwa miezi sita hadi kibanda chake, kulabu za nyama na meza ya kuuzia vyote vikaisha. Hata pale, kinachotajwa kama kilichoibwa kwanza ni mali, na mapenzi yanafuata nyuma.

Nyimbo hizi zote zinaimbwa na upande mmoja wa shauri, na upande wa pili ulikuwa na mengi ya kusema. Ukahaba ulikuwa biashara halali yenye kanuni za manispaa mjini Buenos Aires tangu mwaka 1875, na mfumo huo ulikomeshwa kisheria katikati ya miaka ya 1930. Wanawake waliletwa kutoka Ufaransa, Poland na kwingineko, wengine wakijua wanakokwenda, wengine wakiwa wamedanganywa kwa ahadi ya ndoa. Mwaka 1929 mwanamke mmoja aliyetoka Poland, Raquel Liberman, alikwenda kwenye vyombo vya sheria akalishtaki kundi lililokuwa likiwauza wanawake, Zwi Migdal, na ushahidi wake ukasababisha kesi kubwa mwaka uliofuata. Nikisikiliza wimbo unaomlaumu msichana wa kabare kwa kuufanya moyo wake bidhaa, namkumbuka Liberman, ambaye aliishi ndani ya soko hilo na kulipinga kwa jina lake. Kuwadi anatajwa mara nyingi katika tango, lakini ni nadra kwake kuitwa msaliti.

Kuna sehemu ya urithi huu ambayo haifai kupambwa. Katika “A la luz de un candil” ya mwaka 1927, mtu wa mashambani anajipeleka mwenyewe kwa askari, anaomba afungwe minyororo, na anaeleza kwamba ushahidi wa usaliti uliotendwa dhidi yake anao ndani ya mfuko wake: nywele zilizosukwa za mwanamke wake, na moyo wa yule mwanamume. Katika “Noche de Reyes”, ya miaka hiyo hiyo, mume amemkuta mkewe na rafiki yake mpenzi usiku wa sikukuu ya Wafalme Watatu, amewaua wote wawili, na sasa mtoto wao ameviweka viatu vyake nje akingojea zawadi, bila kujua kwamba baba amemuua mama. Mtunzi alimpa mtoto nafasi ya mwisho ya wimbo, na msikilizaji wa leo hawezi kuitazama jozi ile ya viatu bila kumhukumu baba, ingawa maneno yenyewe yanamlaani mama. Lililo baya zaidi ni “Amablemente”, shairi la Iván Diez aliloliimba Edmundo Rivero. Mwanamume anamkuta mwanamke wake mikononi mwa mwingine. Anamwambia yule mwingine ajiondokee, kwa kuwa katika mambo kama haya mwanamume hana kosa. Anaomba ndara zake. Anamwomba mwanamke amtayarishie mate. Anavuta sigara na kuzungumza naye mambo madogo madogo. Kisha anambusu kipajini na, kwa utulivu na upole, anamchoma kisu mara 34.

Kile kibuyu cha mate ndicho kinachonishtua. Katika “Mi noche triste” kilikuwa alama ya mapenzi yaliyopotea, biskuti na maji moto na mtu wa kushirikiana naye. Hapa kimekuwa sehemu ya mauaji. Wako wanaosema kwamba shairi la Diez ni kejeli ya kumfichua mwanamume mwenye kiburi, na inawezekana kulisoma hivyo, lakini kwa miongo mingi kumbi zimelicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kumhukumu muuaji. Tangu mwaka 2015, wanawake wa Argentina walipojaza barabara chini ya wito wa Ni Una Menos, yaani asipungue hata mmoja, kupinga mauaji ya wanawake, nyimbo za namna hii zimekuwa zikijadiliwa upya na waimbaji wenyewe. Mimi nadhani ni haki. Kuuhifadhi wimbo si lazima kuwe kuutetea.

Aliye mwaminifu daima katika ulimwengu huu ni mama. Anafua, anangoja, anasamehe, na mwana aliyepotelea katikati ya mji anarudi mlangoni kwake akiwa na mvi. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa mama wa tango habadiliki kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, ila ni vizuri kuona kazi anayofanya: kwa kuwa yeye ni mwanamke asiyesaliti, wanawake wengine wote wanabaki kuwa watuhumiwa.

Wanawake wenyewe, hata hivyo, hawakunyamaza kama maneno yalivyowataka wanyamaze. “Mi noche triste” ulienea sana kupitia jukwaa la maigizo mwaka 1918, ukiimbwa na mwigizaji wa kike, Manolita Poli, katika tamthilia “Los dientes del perro”. Yaani kilio cha mwanamume aliyeachwa kilitoka kinywani mwa mwanamke karibu tangu mwanzo wake. Azucena Maizani aliimba mara nyingi akiwa amevaa mavazi ya kiume, na waimbaji wengine wa kike waliziimba nyimbo zilizotungwa kwa sauti ya mwanamume bila kubadilisha neno. Rosita Quiroga aliimba “Julián”, ambamo mwanamke ndiye aliyeachwa na anamwita aliyemwacha kwa jina. Maizani pia alitunga mwenyewe maneno na muziki wa “Pero yo sé”, mwaka 1928, wimbo unaomhusu mwanamume mwenye fedha, anayeamka jua likizama na kuzunguka mji na gari lake akitafuta mapenzi ya usiku mmoja. Kila mtu anamwona mwenye furaha, lakini mimi najua, anasema mwimbaji, kwamba unateseka kwa ajili ya mapenzi ambayo hukuyapata. Tazama alichokifanya: amemgeuza mtazamaji kuwa mtazamwa. Hamtukani, hamhesabii madeni, anamwona tu.

Kadiri miaka ilivyokwenda, swali la nani alimsaliti nani likaanza kulegea. Mwaka 1943 serikali ya kijeshi ya Argentina ilikaza marufuku dhidi ya lunfardo redioni, na nyimbo nyingi za zamani zililazimika kusafishwa maneno yake ya mtaani ili ziweze kusikika. Ingawa nauona uamuzi ule kuwa wa kuumiza lugha, haukuweza kuwazuia washairi, ambao tayari walikuwa wakielekea kwenye lugha ya ndani zaidi. Mwaka mmoja kabla yake Enrique Cadícamo alikuwa ameandika maneno ya “Los mareados” kwa muziki wa zamani wa Juan Carlos Cobián. Wawili waliopendana wanakutana wakiwa wamelewa, mwanamke anacheka ili asilie, na mwanamume anamwambia kwamba leo unaingia katika siku zangu zilizopita. Hakuna tajiri, hakuna kisu, hakuna hesabu. Mapenzi yalikuwa makubwa, na kilichobaki ni hicho wanachokitazama mezani. Katika wimbo huu hakuna aliyesaliti, na bado umevunjika moyo kuliko nyimbo nyingi zenye msaliti.

Discépolo yeye alifika mbali zaidi katika “Uno” ya mwaka 1943, kwa muziki wa Mariano Mores. Wimbo unaanza kwa mtu asiye na jina, mtu yeyote, anayetafuta akiwa amejaa matumaini njia ambayo ndoto zake zilimwahidi, anayejikokota katikati ya miiba, na anayeutoa moyo wake hadi anabaki bila moyo. Kisha linakuja sharti: laiti ningekuwa nao ule moyo nilioutoa, laiti ningeweza kupenda kama zamani bila kuhofia yajayo. Kwani sasa yupo mwanamke mwingine, mwema, ambaye macho yake yanapiga kelele kwamba anampenda, na yeye anashindwa kuyafumba kwa busu macho hayo, kwa kuwa anapoyatazama anayaona yale ya kwanza yaliyomzamisha. Mungu amekuleta katika njia yangu, anamwambia, bila kufikiri kwamba muda umeshapita na sitajua namna ya kukupenda. Hapa usaliti umekamilisha safari yake. Yule wa zamani hatajwi jina wala hachorwi sura. Ni macho tu. Anayelipa ni mwanamke asiyefanya kosa lolote, na anayemtoza ni mtu ambaye naye aliwahi kutendwa. Sioni mahali pengine katika tango ambapo mwanamume anakiri kwa unyofu namna hii kwamba jeraha lake limekuwa mzigo wa mtu mwingine.

Katika kumbi za kuchezea tango, kutoka Buenos Aires hadi Ulaya, kuna desturi kwamba wimbo wa mwisho wa usiku uwe “La cumparsita”. Gerardo Matos Rodríguez aliutunga Montevideo akiwa mwanafunzi, nao ukapigwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1910 bila maneno. Mwaka 1924 Contursi, yule yule, pamoja na Enrique Maroni waliupa maneno, tena bila idhini ya mwenye muziki, na Matos Rodríguez alipigania haki yake mahakamani kwa miaka mingi. Wachezaji wengi hawayasikii maneno hayo, kwa kuwa kwa kawaida wimbo hupigwa na bendi peke yake: bandonioni, vile vinanda vya mvukuto vya tango, zinavuta pumzi, taa zinaanza kuwashwa pembeni, kila mtu anamtafuta mwenzake wa kucheza naye mara ya mwisho. Lakini maneno yapo. Yanasema laiti ungejua kwamba ndani ya roho yangu bado nayahifadhi mapenzi niliyokuwa nayo kwako. Yanasema marafiki hawaji tena kunitembelea. Na yanamtaja mbwa mdogo aliyekuwa chumbani, ambaye tangu mwanamke aondoke hakuwa akila, na ambaye siku moja, alipomwona bwana wake amebaki peke yake, naye akaondoka.